Majivu ya Nguzo za Kijani

Siku ya kuniaga walinipa blanketi, saa ya ukutani, na hotuba ndefu ya sifa ambazo nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine. Fundi mmoja wa kike wa idara ya laini za umeme alinifuata mlangoni akaniambia, "Mzee Rajabu, uandike. Sisi tumefundishwa chuoni, ya porini hatukufundishwa." Nilicheka, nikasema nitaandika. Nilidhani nitaandika juu ya radi, juu ya nyoka wanaolala ndani ya masanduku ya fyuzi, na juu ya madereva wanaogonga nguzo halafu wakailaumu nguzo. Hayo yote hunikimbia kila nikishika kalamu. Kinachokuja ni habari ya mtu mmoja, Magige, na kuni nilizozigawa kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo mnivumilie. Vyeo sitavitaja, na mishahara mnaijua.

Nilizaliwa Morotonga, nje kidogo ya Mugumu. Baba alikuwa fundi cherehani. Babu yake alifika huku na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa, akasahau kurudi. Nyumbani tulikuwa na kuku na mbuzi wawili. Ng'ombe hatukuwahi kuwa naye, na majivu ya jikoni mama aliyatumia kusugulia masufuria, yanayobaki akayamwaga shimoni. Nawaomba mshike jambo hilo dogo, maana ndilo lililoniponza. Wakurya niliofanya nao kazi walinitania miaka yote kwamba sisi Waswahili wa Mugumu tumenyonyeshwa chai ya rangi.

Siku yangu ya kwanza kazini, Tarime, nilikabidhiwa kwa Mzee Otieno, Mjaluo wa Shirati, mkaguzi wa nguzo. Alikuwa na nyundo moja, keekee moja, kopo la rangi nyekundu, na hasira za kutosha watu wanne. Alinipeleka kwenye nguzo ya kwanza barabarani akanipa nyundo.

"Piga."

Nikapiga.

"Umesikia nini?"

"Mti, mzee."

"Umesikia mti. Kesho utasikia nguzo. Twende nyingine, omera."

Tulipiga nguzo mpaka mkono ukavimba. Nguzo nzima huita, sauti yake kavu na inapanda. Iliyooza hujibu kwa uzito, kama umegonga gunia la unga. Ubovu hauanzii juu ambako kila mtu anaangalia, unaanzia pale nguzo inapoingia ardhini, kwa hiyo unachimba kidogo kuizunguka, unatoboa kwa keekee, unatazama vumbi linalotoka, unalinusa. Vumbi jeupe na kavu, nguzo inaishi. Vumbi jeusi lenye unyevu, unachora msalaba mwekundu, na mtu yeyote asiipande tena. Hivi sasa mna vifaa vinavyowaka taa. Bado nawasihi mbebe nyundo.

Nguzo zilizokataliwa tulizikata vipande tukazifukia. Nilimuuliza Mzee Otieno kwa nini tusiwape watu kuni.

"Nguzo haichomwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema." Halafu akaona nimeendelea kumtazama. "Moshi wake, wewe. Utakufukuza mwenyewe."

Alisema kweli. Nguzo za enzi zake zilikuwa nyeusi, zimeloweshwa dawa nzito inayonuka kama barabara mpya. Mlinzi mmoja aliwahi kuchemsha maharage kwa kipande cha nguzo, na ua mzima tulikohoa hadi jioni. Maharage tuliyamwaga. Basi kichwani mwangu nikaandika kwamba nguzo haichomwi kwa sababu ya moshi. Mzee Otieno alistaafu, na baada ya muda tukamzika kwao Shirati. Hakuishi kuziona nguzo za kijani, zilizotiwa dawa ya aina nyingine.

Hizo zilikuja kwa malori kutoka Mafinga. Zilikuwa nyepesi kidogo kubeba, hazichafui nguo, na ukizinusa hazina harufu. Tulizipenda. Kila shehena ilikuja na karatasi za kiwandani, maandishi madogo ya Kiingereza, na mtunza stoo alizitoboa akazifunga kwenye faili. Mimi nilisoma urefu, unene na idadi. Nilidhani mengine yote ni ya wanasheria.

Wakati huo huo dhahabu ilikuwa imewachanganya watu upande wa Itiryo. Kilima cha Nyangoro kilikuwa na migunga na mikuyu ya zamani, na kijito kilichotoka chini yake kilinywesha mifugo ya vijiji kadhaa. Ndani ya kiangazi kimoja kilifunikwa na mahema ya turubai. Kila shimo la dhahabu, ambalo wachimbaji huliita duara, linahitaji magogo ya kuzuia kuta zisiwaangukie, na magogo yalitoka kilimani. Mashine za kusaga mawe, karasha, zilikunywa dizeli iliyoletwa kwa mapipa kutoka Sirari. Akina mama waliowapikia wachimbaji walipika kwa kuni, na waliokosa kuni walinunua mkaa uliochomwa kwenye kilima hicho hicho. Mwaka wa pili ukisimama barabarani ulikuwa unaona anga katikati ya miti, mahali ambapo zamani ulikuwa unaona miti tu.

Ndipo ikaamuliwa laini ifike Nyangoro. Mhandisi alikuja na ramani, akatueleza vizuri sana. Nchi inataka umeme, dhahabu inataka umeme, na kilima kinataka kupumzika. Umeme ukifika, dizeli itaondoka na kukata miti kutapungua. Niliyaamini maneno hayo, na sehemu yake bado nayaamini. Kulikuwa na kazi ya kuwaomba watu njia ya kupitisha nguzo, nayo ikaletwa mbele ya mkutano wa ukoo, ambao Wakurya huuita iritongo. Kwa kuwa nilikuwa najulikana, niliambiwa niseme. Nikasimama mbele ya wazee na vijana wa marika yote nikaahidi, "Umeme ukifika hapa, mapanga yenu yatapumzika."

Wa kwanza kutoa njia alikuwa Magige. Laini ilipita katikati ya migomba yake, akaing'oa mwenyewe kabla hatujaleta mapanga. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache, anayenawa mikono kila mara. Kazi yake ilikuwa kuosha tena mchanga ambao wengine wamekwisha kuutoa dhahabu ya kwanza, na kazi hiyo inatumia sumu. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Bwawa lake alilisiliba udongo wa mfinyanzi, juu yake akatandaza nailoni mbili, akalizungushia miiba mbuzi wasikaribie. Kila asubuhi alilizunguka kwa miguu, ameinama, akitafuta mpasuko. Mke wake, Wankyo, alituletea uji pale tulipokuwa tunachimba mashimo ya nguzo, na alikuwa akimcheka mumewe mbele yetu. "Mimi ananitazama mara moja kwa wiki," alisema. "Bwawa kila siku."

Kambi yetu ya nguzo ilikuwa chini ya kilima. Kulikuwa na nguzo mpya, na kulikuwa na rundo la zilizopasuka, vichwa tulivyokata, na za kijani zilizokataliwa barabara ya Tarime baada ya kugongwa na malori. Asubuhi moja akaja Mama Gati, mjane aliyekuwa kiongozi wa akina mama wapishi. Alikuwa na ng'ombe kumi na moja, urithi wa watoto wake, na ulimi ambao hata mwenyekiti wa kijiji aliuogopa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Za nyumbani ni baridi, moto hakuna. Mgambo wametufukuza mlimani. Mnasema tusikate, tusubiri umeme. Huo umeme bado uko Tarime. Sasa tupikie nini, hayo maneno yako?"

Nililitazama lile rundo. Nilichukua kipande, nikakichoma pale pale mbele yake, nikaweka sufuria ya chai. Moto ulikuwa safi, moshi kidogo, harufu hakuna. Nikakumbuka nguzo haichomwi, nikajijibu kwamba zile zilikuwa nyeusi. Nikaandika kwenye daftari kwamba vipande vimefukiwa, nikawaambia akina mama waje na kamba.

Nawaambia ukweli, sijawahi kufurahia kazi kama wiki zile. Akina mama walipanga foleni na kubeba mizigo, na kilimani mapanga yalinyamaza kidogo. Mhandisi alipokuja alisema mimi ni mtu wa mazingira. Niliipeleka sifa hiyo nyumbani Morotonga nikamwambia mke wangu kabla sijavua viatu.

Kabla mwezi wa pili haujaisha, ng'ombe wa Mama Gati wakaanza kufa. Walianza watatu katika siku mbili. Waliharisha, wakatetemeka miguu, wakalala chini na hawakuamka. Nilikwenda kumpa pole. Alikuwa amekaa kwenye kigogo karibu na zizi, na ndama mmoja alikuwa analamba kitu ndani ya gogo lililochongwa. Niliuliza ni nini.

"Majivu," alisema, kama ananijibu mtoto. "Chumvi imekuwa ghali. Ng'ombe wanalamba majivu tangu bibi yangu. Na haya ya nguzo wanayapenda kuliko yote, yana ladha."

Niliitikia kwa kichwa, nikaona hiyo ni desturi nzuri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga. Mtu aliyelelewa na ng'ombe angejua siku ya kwanza kwamba jivu halitupwi, linakwenda zizini, tena lingine linapakwa migongoni kufukuza kupe. Kwetu jivu lilikuwa mwisho wa kuni.

Walikufa na wa majirani. Bwana mifugo akachukua vipande vya maini akavipeleka mbali kupimwa, jibu likarudi kwamba ni sumu, bila kusema imetoka wapi. Watu hawakuhitaji kuambiwa. Kijito cha kunyweshea kilishuka kutoka Nyangoro, na juu ya kijito kulikuwa na bwawa moja la sumu ambalo kila mtu alilijua. Watu waliacha kumsalimia Magige. Wankyo alikuwa na mimba kubwa, akienda kisimani wenzake wanamwachia nafasi wasisimame karibu naye.

Siku mbili kabla ya kikao kilichoitwa kumjadili Magige, lori la Mafinga lilileta shehena ya mwisho. Wakati wanashusha, dereva aliona vipande vilivyofungwa kamba, tayari kubebwa.

"Hivi vinakwenda wapi?"

"Kwa akina mama. Kuni."

Alikuwa anatafuna muwa, akaacha kutafuna.

"Kuni za kupikia? Fundi, acha mchezo. Kule kiwandani kwetu hata kipande cha kiganja hakitoki getini. Ile dawa haiungui. Mti unaungua, dawa inabaki kwenye majivu, yote. Jirani yangu alipoteza ng'ombe wake wa maziwa kwa majivu ya uzio tu. Si mmeandikiwa kwenye karatasi?"

Nilikwenda kwenye faili. Ilikuwa imeandikwa. Isichomwe, majivu yake ni sumu kwa watu na mifugo. Karatasi ya kwanza kabisa ilikuwa na tarehe ya miaka minne nyuma. Nikaichomoa moja kwenye faili, nikaondoka nayo.

Kikao kilijaa. Magige alisimama peke yake katikati, kofia mkononi. Aliulizwa kama bwawa limevuja.

"Halikuvuja. Nimeliangalia asubuhi, na jana, na juzi."

"Ng'ombe wameuawa na nini basi?"

"Sijui. Ningejua ningesema."

Mzee aliyeongoza kikao aligeuka akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa mtu wa serikali machoni pao, mtu wa mashine, na sikuwa wa ukoo wowote wa pale. Kauli yangu ingekuwa na uzito.

"Fundi Rajabu, wewe unazunguka huko kila siku. Una neno?"

Nilisimama. Nilikuwa na karatasi ya kiwandani mfukoni, imekunjwa mara nne. Nikasema, "Wazee wangu, mimi ni mtu wa nguzo. Mambo ya mifugo siyajui."

Nikakaa.

Miaka mingi nilijieleza hivi: laini ilikuwa imebakiza kipande kidogo. Wakisikia nguzo zinaua ng'ombe, watazing'oa kutoka Nyangoro mpaka Tarime, umeme hautafika, na kilima kitakwisha. Mtu mmoja ataumia kidogo, kilima kitapona. Sababu hiyo ilikuwepo kweli, sikuitunga baadaye. Lakini nikipanga mambo kwa haki, woga ulikuwa wa kwanza na kilima kilikuwa cha pili. Niliogopa kufukuzwa kazi, niliogopa wale vijana na fimbo zao, na zaidi niliogopa macho ya Mama Gati. Nimeyapanga kinyume kwa muda mrefu sana.

Wazee walimtaka Magige aape. Kiapo kwa Wakurya si maneno ya mahakamani. Ukiapa uongo, kinarudi nyumbani kwako, na hakichagui unayempenda na usiyempenda. Magige aliapa bila kusita. Alisema kama maji yametoka bwawani mwake yakaua ng'ombe wa watu, basi yarudi kwenye mlango wake. Walimsikiliza, na pamoja na kiapo wakaamuru bwawa lifukiwe wakati wanasubiri kiapo kitoe jibu. Alilifukia mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo nilipita nyumba kwa nyumba nikakusanya vipande vyote. Niliwaambia akina mama kuna ukaguzi unakuja kutoka juu, nguzo zinahesabiwa. Walilalamika wakanirudishia. Wengine niliwaomba na majivu, nikasema tunayahitaji kambini kwa choo. Nilichimba shimo refu kuliko mimi nikafukia kila kitu. Nilidhani ninatengeneza nilichoharibu.

Ng'ombe wakaacha kufa.

Mnaona nilichofanya. Bwawa limefukiwa, na ng'ombe wameacha kufa. Nani angehitaji ushahidi mwingine? Kama ningewaachia kuni zile wiki mbili tu zaidi, wangekufa wengine, na Magige angekuwa huru. Kwa kuwaokoa ng'ombe nilimfunga mtu. Nilisikia watu wakilisema jambo hilo sokoni kwa furaha, kwamba sasa imejulikana, na nikaitikia kwa kichwa.

Mvua za masika zilipoanza, Wankyo alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Walimbeba kwa machela kuelekea Tarime, mto ukawa umejaa, wakasubiri tangu asubuhi maji yapungue. Alifariki ukingo wa huku, mchana, na mtoto tumboni. Wanawake hufariki hivyo huku kwetu kila masika, na hakuna anayetafuta kiapo. Safari hii walikuwa nacho. Wiki haijaisha, vijana wa rika walikwenda wakaivunja nyumba ya Magige, si kwa hasira, walifanya kama kazi. Yeye alikuwa amekaa pembeni akiwatazama. Mama Gati alisema baadaye kwamba Magige hata alimsogezea mmoja wao ngazi. Kesho yake alionekana Sirari akivuka kwenda Kenya na mfuko mmoja.

Tuliwasha laini baada ya mavuno. Kulikuwa na ngoma, soda, na hotuba. Niliona taa ya kwanza ikiwaka kwenye karasha na watu wakashangilia. Kilichofuata mngepaswa kufundishwa chuoni, nami nilikijua kwa macho tu. Umeme ulikuwa nafuu kuliko dizeli, kwa hiyo karasha zikaongezeka. Karasha zilizoongezeka zilitaka mawe zaidi, mawe yakataka maduara zaidi, na kila duara jipya likataka magogo ya kuta zake. Nyumbani watu walivuta taa moja ya kuangazia chakula kilichopikwa kwa mkaa, maana nani wa Itiryo angepikia jiko la umeme? Ilipofika mwaka wa tatu kilima cha Nyangoro kilikuwa na miti mirefu ya aina moja tu, nguzo zangu. Kijito kikawa cha msimu. Ile ahadi yangu ya mapanga, hakuna aliyenikumbusha. Nafikiri waliniona mtu mwema aliyekosea hesabu.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo. Nilikuwa mkaguzi mkali. Kila nguzo niliyoikataa niliisimamia mpaka ikafukiwa, na fundi aliyeniuliza kwa nini isichomwe nilimpa karatasi asome mbele yangu, neno kwa neno. Walinicheka, wakaniita Mzee Karatasi. Mmoja wenu hapo Tarime anajua ninamsema nani.

Nilipostaafu nilianza kwa Mama Gati. Amezeeka, haoni vizuri, lakini ulimi uko pale pale. Nilimweleza yote, nikampa na ile karatasi ingawa hawezi kuisoma. Aliipapasa kwa vidole.

"Nilikuonyesha majivu yale," alisema. "Nilikwambia wanayalamba. Uliitikia kwa kichwa."

"Ndiyo, mama."

"Sitaki pole yako. Nenda kamwambie Magige mwenyewe kwanza. Yuko Isebania, ng'ambo ya mpaka. Halafu urudi, usimame pale pale uliposema hujui, useme unajua."

Kikao hicho kimekwisha kufanyika. Nilisimama, nikasema, na yaliyonipata nilistahili. Lakini kabla ya kikao nilivuka Sirari, nikapita katikati ya wabadilisha fedha na malori yanayosubiri kugongewa mihuri, nikauliza upande wa pili. Mama mmoja muuza vitenge alinielekeza kwa kidole. "Magige wa posho mill? Huyo ako hapo nyuma ya stage, mzee. Utasikia tu mashine."

Nilimkuta amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Mashine yake ya kusaga ilikuwa ya umeme. Hakuoa tena. Alinitambua mara moja.

"Fundi wa nguzo," alisema. "Mura, umezeeka."

"Sote tumezeeka."

Alinipa kigoda. Nikamwambia. Nilianza vizuri, halafu nikakwama, nikarudi nyuma, nikasahau mambo nikayaongeza. Nilipofika kwenye majivu alinyoosha mkono akaizima mashine, na chumba kikawa kimya ghafla. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono, akaikung'uta, akarudi.

"Kwa hiyo bwawa halikuvuja."

"Halikuvuja."

"Nililiangalia asubuhi ile. Lilikuwa zima." Alisema taratibu, anaangalia mikono yake. "Halafu nikalifukia na ng'ombe wakaacha kufa. Nikasema basi, macho yangu ndiyo yaliyokosea. Kuna mpasuko niliuruka. Nimeapa uongo bila kujua, na kiapo hakiulizi kama ulijua. Wankyo alipokufa nilisema, nimemuua mimi. Ndiyo maana nikawasogezea ngazi."

Nilidhani watu walimfukuza. Miaka yote nilifikiria habari ya watu na nyumba na jina lake. Haikunijia hata siku moja kwamba mwenyewe aliwaamini.

"Kwa hiyo," alisema, "Wankyo alikufa tu."

Alikaa akitikisa kichwa kidogo kidogo, na machozi yalipita kwenye unga wa mashavuni, wala hakuyafuta. Mteja alisimama mlangoni na debe la mahindi kichwani. Magige alimwinulia mkono asubiri.

"Anza tena," aliniambia. "Pole pole. Anzia pale kwa mama na kuni, usiache kitu."

Nikaanza tena.